Kunduchi, Mji Uliolitangulia Jiji

Msafiri atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, akiisha kupita Mwenge na Mbezi na kufika Mtongani, aghalabu hudhani kwamba Kunduchi ni kitongoji kilichozaliwa na jiji, kama vilivyozaliwa Sinza na Kijitonyama. Wala si ajabu kudhani hivyo, maadamu nyumba zimeshikana njia nzima na mpaka hauonekani. Lakini Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoanza kujenga majumba yake pale Mzizima, ndipo Dar es Salaam ya leo, katika miaka ya 1860, msikiti wa mawe wa Kunduchi, ambao wataalamu huukadiria kuwa wa karne ya 15 au ya 16, ulikuwa mkongwe tayari, na wakubwa wa mji walikuwa wamelala makaburini tangu karne ya 18.

Makaburi hayo yangaliko, chini ya mibuyu, na mengine yana nguzo ndefu zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa. Katika nguzo na kuta zake mafundi walipachika mabakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, kwa desturi iliyoenea pwani yetu yote. Vyombo vingi vimekwisha kung'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo yanayoonyesha ukubwa wa kila kimoja. Mtu aliyezikwa chini ya sahani iliyovuka bahari mbili hakuwa mkaa mashamba asiyejulikana, na mji uliomzika ulikuwa na biashara, na heshima, na watu waliojua kuandika majina yao kwa hati ya Kiarabu.

Wenyeji wake ni Washomvi, wanaojinasibu na Barawa ya pwani ya Somalia, pamoja na Wazaramo wa bara. Masimulizi ya pwani hii yanaeleza kwamba Washomvi walipohujumiwa na Wakamba walimwomba msaada Pazi Kilama, jemadari wa Wazaramo, naye alipowafukuza maadui wakakubaliana kumlipa ushuru kila mwaka. Na tangu hapo, kwa kuoana na kwa kuuziana chumvi, samaki na nafaka, mataifa mawili hayo yamechanganyika hata ni taabu kuyatenga.

Ila moyo wa Kunduchi ni diko, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia. Usiku wa giza vyombo hutoka na taa kufuata dagaa, na alfajiri hurejea, mnada ukafunguliwa mchangani. Wachuuzi wenye pikipiki hugombea kolekole na changu, na wanawake wakaangao samaki hununua vibua kwa ndoo, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa ahadi ya jioni, kwani hapa uaminifu wa mtu ni rasilimali yake. Fedha ikipatikana hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu, ndipo hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, na la mabaharia. Kusi likivuma kwa nguvu, mwenye ngalawa hathubutu kwenda mbali, na hapo ndipo huona uchungu wa kufungiwa maji ya karibu ya Mbudya, Pangavini, Bongoyo na Fungu Yasini, yaliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Hifadhi hiyo naiunga mkono kwa dhati, kwani uvuvi wa baruti umekwisha kuua matumbawe mengi. Lakini ni haki kukiri kwamba gharama yake hulipwa kwanza na mnyonge.

Ardhi nayo imepungua. Kilima cha Wazo, ambacho ni mawe ya chokaa yaliyofanyika katika bahari ya kale, kimekuwa kikichimbwa kwa ajili ya saruji tangu mwaka 1966. Mchanga umezolewa katika vijito viletavyo mchanga baharini, na mikoko imekatwa. Bahari, ikikosa mchanga wake, imekula pwani, hata Hoteli ya Africana, iliyokuwa maarufu zama zake, ikaishia kubomoka na kuachwa. Juu ya hayo kuna kuta za viwanja. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bado vichochoro vya kushukia majini vinazidi kuwa vyembamba. Serikali hulinda magofu kwa sheria ya mambo ya kale, na inafanya vyema. Mimi naona njia iendayo diko yastahili ulinzi huo huo, kwa kuwa bila ya diko wale waliojenga makaburi yale wasingalikuwa na sababu ya kukaa hapa.

Hata leo wageni huja. Wavuvi wa Pemba, Tanga na Kilwa hufuata pepo za msimu na kupiga dago, yaani kambi yao, pembezoni mwa kijiji, wakapika pamoja na kushona nyavu pamoja. Baadhi yao huoa, huswali Ijumaa na wenyeji, na watoto wao huitwa watu wa Kunduchi kama walivyoitwa wana wa Barawa. Hawaulizwi mengi wanapofika. Huonyeshwa kisima, msikiti, na mahali pa kuvutia chombo.