Fahamu: Volti inayoamrisha kimeng'enya
Chimbua mzizi mchanga wa mzabibu Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), uupanguse udongo. Kila seli hai pale ina umeme: ndani hasi, nje chanya, tofauti ikiwa kama sehemu moja ya kumi ya volti. Usiidharau. Utando wenyewe una unene wa takriban nanomita 5 tu, hivyo nguvu inayoubana ni kali mno. Kwa umeme huo mzizi huvuta potasiamu kutoka udongoni.

Kufungua milango ya ioni kwenye utando, kama ile inayopitisha potasiamu, ndiyo kazi ya volti iliyozoeleka vitabuni. Mwaka 2005 kundi la Yasushi Okamura, Japani, likaeleza jambo jingine: Ciona, mnyama mdogo wa baharini, ana kimeng'enya chenye kihisi cha volti. Ndani ya seli pakielekea chanya, kimeng'enya hunyofoa fosfati kwenye PIP2, lipidi ya utando inayobeba ujumbe. PIP2 ikipungua, milango ya potasiamu inayoitegemea hufungwa.

Kwa panya, ndugu wa kimeng'enya hicho amekutwa kwenye mkia wa mbegu ya kiume.