Nani Alifanya? Namna ya Kumchagulia Mwenzako Hadithi ya Upelelezi



Ulipomaliza kisomo ulijua kusoma na kuandika. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kusoma ni kama jembe. Jembe lisilotumika hushika kutu. Mtu asiyesoma kitu kwa miezi mingi huanza tena kuhesabu herufi moja moja kama siku ya kwanza.

Sasa je, tusome nini? Vitabu vya kilimo na vya afya ni vizuri, tena vinatufaa. Lakini jioni, mtu amechoka na shamba, hutaka pia kitabu cha kumchangamsha. Leo tutazungumza juu ya vitabu vya namna hiyo. Navyo ni hadithi za upelelezi.

HADITHI YA UPELELEZI NI NINI?

Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu. Sisi sote tumekua na vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Kisha anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Watu wanafikiri. Wakishindwa, mtegaji anadai apewe mji. Akishapewa mji, anatoa jibu: "Yai." Watu wote wanasema, "Lo! Kumbe!"

Hadithi ya upelelezi inakwenda hivyo hivyo. Mwanzoni limetendeka jambo baya. Mtu ameuawa, au mali imeibwa. Hajulikani aliyefanya. Kisha anakuja mpelelezi. Anauliza watu maswali. Anatazama nyayo, mlango, kikombe, barua. Mwishoni anamtaja aliyefanya, na anaeleza alimjuaje.

Vitu vikubwa ndani ya hadithi hizi ni vinne:

1. Tukio, yaani jambo lenyewe lililotokea.
2. Washukiwa, yaani watu wanaodhaniwa. Mara nyingi ni wengi, na kila mmoja ana sababu yake.
3. Dalili, yaani alama ndogo ndogo zinazoonyesha njia.
4. Ufumbuzi, yaani siri kufunuliwa.

Mwandishi mzuri hamfichi msomaji dalili. Anaziweka wazi katika kurasa, lakini anazichanganya na mambo mengine hata huzitambui. Mwisho ukifika unajipiga paji la uso na kusema, "Mbona niliisoma hiyo, lakini sikuiona!" Hiyo ndiyo raha yake.

ZILIANZA WAPI?

Wataalamu wengi husema hadithi ya kwanza ya namna hii iliandikwa na Mmarekani, Edgar Allan Poe, mwaka 1841. Aliitungia mji wa Paris, Ufaransa. Wanawake wawili wameuawa ndani ya nyumba. Majirani walisikia sauti ya ajabu ikitoka ndani. Walipoulizwa sauti ile ilisema lugha gani, kila mmoja alitaja lugha yake. Mmoja alisema Kihispania. Mwingine alisema Kijerumani. Mwingine alisema Kirusi. Lakini kila shahidi aliitaja lugha ambayo yeye mwenyewe haijui! Mpelelezi aliposikia hayo, ndipo alipoanza kuona njia.

Mwaka 1887 daktari mmoja, Arthur Conan Doyle, alimtoa Sherlock Holmes katika kitabu chake cha kwanza. Doyle aliposoma udaktari Edinburgh alikuwa na mwalimu aitwaye Joseph Bell. Mwalimu huyo aliweza kumtazama mgonjwa mikono na mwendo, akajua anafanya kazi gani kabla hajauliza. Doyle alimpa Holmes macho ya namna hiyo.

Wasomaji walimpenda Holmes mno. Mwaka 1893 Doyle alichoka naye, akaandika hadithi ambayo Holmes anakufa. Lo! Wasomaji walikasirika, wakamwandikia barua. Miaka ikapita, lakini hawakunyamaza. Mwaka 1903 mwandishi alishindwa, akamrudisha Holmes akiwa hai. Mtu ambaye hakuzaliwa wala hakufa, lakini watu walimlilia!

Kisha akaja mama mmoja wa Uingereza, Agatha Christie. Wakati wa vita kuu ya kwanza alifanya kazi ya kutoa dawa hospitalini. Huko alijifunza mambo ya sumu, na kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1920, ni hadithi ya mtu aliyeuawa kwa sumu. Mpaka alipokufa mwaka 1976 alikuwa ameandika hadithi ndefu za upelelezi 66.

NA KWA KISWAHILI JE?

Usidhani hadithi hizi ni za Wazungu tu. Sisi tunazo, tena nzuri.

Baba wa hadithi za upelelezi za Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kazi yake ilikuwa ya magazeti. Tangu mwaka 1958 mpaka mwaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huku Tanganyika, baadaye Tanzania. Kwa hiyo aliyetutungia siri hizi ni mtu aliyewatengenezea wakulima gazeti lao.

Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata ushindi katika mashindano ya kutunga ya mwaka 1957 na 1958. Ilichapishwa kitabu mwaka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa, mvuta kiko, mtu mwenye macho makali. Rafiki yake ni Najum. Kama Holmes alivyokuwa na rafiki yake daktari Watson, Bwana Msa naye ana Najum, ambaye anaona yale yale anayoyaona Bwana Msa, lakini haelewi. Sisi wasomaji tunakuwa pamoja na Najum. Tunashangaa naye.

Abdulla aliendelea. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi. Mwaka 1974 alitoa Siri ya Sifuri. Mwaka 1984 alitoa Kosa la Bwana Msa. Alifariki mwaka 1991.

Wako wengine pia. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, hadithi ya mauaji na ya polisi wanaomtafuta muuaji mjini. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, katika Kufa na Kupona, mwaka 1974. Hadithi zake zina mbio, bastola na siri za wakati Waafrika wa Kusini walipokuwa wakipigania uhuru. Ben Mtobwa naye alitupa Joram Kiango, kijana mpelelezi ambaye vijana wa miaka ya 1980 walimjua kama wanavyomjua jirani.

MFANO WA KUPEANA KITABU

Vitabu ni vichache kijijini. Kitabu kimoja kinaweza kusomwa na nyumba kumi, kama watu watajua kupeana na kuelezana. Tuchukue mfano. Watu wawili wako kwenye mashine ya kusaga, wanangoja zamu. Mmoja ni mama wa makamo. Mwingine ni kijana mwenye kitabu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma nini hicho, hata zamu yako imekupita hujui?"

"Kitabu cha upelelezi, mama. Mtu mwenye mali amekutwa amekufa mahali penye mzimu. Watu wanasema mzimu ndio umemuua."

"Ehe! Na kweli ni mzimu?"

"Yuko bwana mmoja anavuta kiko, yeye anauliza maswali tu. Hataki kusema mzimu mpaka aone."

"Basi nani kamuua?"

"Mama, nikikuambia hilo, nitakuwa nimekula nyama nikakupa mfupa."

"Haya, usiniambie. Ukimaliza niletee. Lakini nisomee ukurasa wa kwanza, nione kama maneno yake nitayaweza."

Kijana huyu amefanya vizuri. Amesema kitabu kinaanzaje. Amemfanya mama awe na hamu. Siri ameiacha ndani ya kitabu. Na mama naye amefanya vizuri. Ametaka kupima lugha kwanza.

MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. Muulize mwenzako anapenda nini. Anayependa kufikiri polepole mpe Bwana Msa. Anayependa mbio na mapigano mpe Willy Gamba.

2. Mwambie kuhusu lugha. Abdulla anaandika Kiswahili cha Unguja, kitamu sana, lakini yamo maneno ambayo mtu wa bara anaweza kuwa hajayasikia. Asikate tamaa. Asome sentensi yote, maana itajitokeza. Neno likikataa kabisa, aliandike pembeni katika daftari lake, amuulize mwalimu.

3. Mwambie kuhusu mambo yaliyomo. Baadhi ya vitabu vya majasusi vina mambo ya watu wazima tu. Usimpe mtoto kabla hujakisoma wewe.

4. Mwambie mwanzo, usimwambie mwisho. Anayetoa jibu la kitendawili kabla wengine hawajafikiri amewanyang'anya mchezo wao.

5. Usiandike kitu ndani ya kitabu cha watu. Wako wenye tabia ya kuandika jina la muuaji katika ukurasa wa kwanza kwa kalamu. Ati wanafanya mzaha! Huo si mzaha. Wasomaji wote watakaofuata wameharibiwa.

6. Kirudishe. Kitabu kisichorudi ni kisima kilichofukiwa.

FAIDA YAKE SI KUCHEKA TU

Huenda utauliza, "Hadithi za mauaji zitanisaidia nini mimi mkulima?"

Fikiri, ndugu. Kijijini mbuzi akipotea usiku, jina la mtu hutajwa kabla jua halijachwa. Mtoto akifa ghafla, watu huanza kunong'ona juu ya bibi fulani mwenye macho mekundu. Kumbe macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia miaka hamsini. Wazee wamefukuzwa kwa maneno ya namna hiyo. Wengine wameuawa. Na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza swali.

Sasa mtazame Bwana Msa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale watu wanasema ni mzimu. Kisima cha Giningi pia kina jina la kutisha, maana Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni mahali pa wachawi. Lakini Bwana Msa hapigi ramli. Anauliza: Nani alimwona mara ya mwisho? Saa ngapi? Wewe uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Nani anapata faida? Jibu linatoka kwa watu, na kwa mambo waliyoyafanya watu.

Kumbuka pia wale mashahidi wa Paris. Hawakusema uongo. Kila mmoja alisema aliloamini. Lakini mtu anaweza kuamini sana jambo asilolijua. Kwa hiyo maneno ya watu kumi wasiojua hayawi ushahidi kwa kuwa ni kumi.

Aliyesoma hadithi hizi kwa makini hujifunza kungoja. Hujifunza kwamba mshukiwa wa kwanza mara nyingi siye. Katika kitabu, ukimshuku mtu bure hakuna atakayeumia. Unafunua ukurasa, unajicheka, unaendelea. Kijijini ukimshuku mtu bure, nyumba yake inaweza kuchomwa moto. Afadhali tukosee kitabuni, tujifunze huko.

Lakini angalizo. Kusoma hadithi za upelelezi hakukufanyi askari. Likitokea jambo la kweli, kama wizi au kifo chenye mashaka, usishike vitu, usikanyage mahali pale, usianze kumkamata mtu. Peleka habari kwa uongozi wa kijiji na polisi. Kazi yako ni kusema ulichokiona wewe mwenyewe, bila kuongeza chumvi.

TUANZE VIPI?

Kama mko wasomaji watatu au wanne, kaeni pamoja mara moja kwa wiki. Mwenye sauti nzuri asome, wengine wasikilize. Mkikaribia mwisho, simameni. Kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi jina la mtu anayemshuku na sababu yake. Karatasi zikunjwe, zitunzwe. Mkimaliza kitabu, zifungueni. Aliyepata apigiwe makofi. Aliyekosa atoe mji, kama katika vitendawili.

Hapo mtakuwa mmesoma, mmeandika, mmefikiri na mmecheka, yote katika jioni moja. Na aliyekuwa ameanza kusahau herufi hatasahau tena, maana atataka kujua: nani alifanya?

MASWALI YA KUJADILI

1. Dalili ni nini? Toa mfano mmoja.
2. Kwa nini si vizuri kumwambia mwenzako mwisho wa hadithi?
3. Mashahidi wa Paris walikosea wapi?
4. Je, kijijini kwenu mtu amewahi kushukiwa bure? Maswali gani yangefaa kuulizwa kwanza?