Kabla ya Kulaumu Mbegu za Uyoga



Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kwa nini mifuko ya uyoga mamama iliyopandwa siku moja, kwa mbegu zile zile, huzaa vizuri katika banda moja na kuharibika katika banda jingine. Wafadhili wetu nao wanastahili kupata jibu.

Uyoga ni jamii ya kuvu, na kuvu haina tumbo. Zile nyuzi nyeupe tunazoziona ndani ya mfuko hutoa vimeng'enya vinavyolainisha mabua, kisha hufyonza chakula kilichokwisha kulainishwa. Vimeng'enya hutengenezwa ndani ya seli, husafirishwa katika vifuko vidogo mno hadi kwenye utando unaoizunguka seli, na hapo humwagwa nje, hasa kwenye ncha za nyuzi zinazokua.

Utando huo umejengwa kwa mafuta na protini. Kama samli, mafuta hayo huwa magumu wakati wa baridi na hulegea wakati wa joto. Kuvu hujirekebisha: baridi ikija, huongeza mafuta yasiyoganda upesi. Lakini joto likizidi mno, utando huvuja, nyuzi hudhoofika na vimeng'enya hupungua. Hapo ukungu wa kijani hupata nafasi ya kuuteka mfuko. Nyuzi za mamama hustawi kwenye joto la sentigredi 25 hivi.

Chakula na maji navyo vina kiasi chake. Pumba kidogo husaidia, lakini zikizidi mfuko hupata joto kutoka ndani na ukungu hualikwa. Mabua yanayochuruzika maji hukosa hewa, na baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja sehemu ngumu za mabua haviwezi kufanya kazi bila oksijeni. Ukiyakamua mkononi, yatoe tone moja au mawili tu.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu mbegu, au akina mama waliozipanda, tuangalie banda. Je, lina bati tupu lisilo na dari? Lina kipimajoto? Hewa inapita?

Tunaziomba kamati zitenge fedha za kuezeka nyasi juu ya bati na kununua kipimajoto kabla ya kuagiza mbegu nyingine. Nanyi wafadhili, mkiona gharama hizo katika taarifa zetu, fahamuni kwamba ndizo zinazoyalinda mavuno.