Umri wa Chombo na Hesabu ya Mwenye Nacho

Nchi jirani za Kenya na Uganda zimeweka mpaka wa umri kwa magari yaliyokwisha kutumika yanayoingizwa kutoka ng'ambo. Nchini Kenya mpaka huo ni miaka 8 tangu gari lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Hivyo, ulipoanza mwaka 2023, magari yaliyosajiliwa mwaka 2015 yalifungiwa mlango katika bandari ya Mombasa. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe.

Nchi hizi mbili hununua magari mengi katika soko moja la Japani, lakini hazikukubaliana juu ya umri. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba umri ni ishara tu. Hukumu yenyewe hutokana na hesabu.

Huko Japani gari dogo jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na kila kasoro sharti irekebishwe. Ndiyo maana Mjapani wengi huuza magari ambayo bado yanatembea vizuri. Hawayauzi kwa kuwa yamekufa, bali kwa kuwa kuyatunza kumekaribia kuwa ghali kuliko kuyabadili. Mnunuzi wa Nairobi au Kampala huipokea hesabu hiyo pale pale mwenzake alipoiachia. Asipoitambua, bei nafuu ya bandarini humgeukia kuwa deni la gereji.

Vyombo vya nyumbani vina kanuni hiyo hiyo. Kenya ilipokamilisha kuzima matangazo ya televisheni ya analojia mwaka 2015, televisheni za zamani hazikulazimika kutupwa, kwani king'amuzi kilitosha kuzihuisha. Jokofu ambalo mpira wa mlango wake umechakaa huhitaji mpira, si jokofu jingine. Lakini jokofu ambalo kompresa yake imekufa, na gesi yake huvuja kila inapojazwa, humla mwenyewe kidogo kidogo. Fundi akitaja bei inayokaribia nusu ya thamani ya jokofu zima, na chombo chenyewe ni kikongwe, busara ni kuacha kukitibu.

Kwa gari, jambo la kwanza ni usalama. Redio iliyonyamaza na rangi iliyopauka zinaweza kusubiri mwisho wa mwezi mwingine. Breki, usukani na matairi hayasubiri. Ubavuni mwa tairi huchapwa tarakimu nne zinazoeleza lilipotengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwisha kuzeeka ndani. Na chesisi ikiliwa na kutu, injini mpya haiwezi kuliokoa gari.

Dereva wa kikosi hulikagua gari kabla ya safari na kuandika kila kasoro na kila matengenezo. Nidhamu hiyo ya kazini yafaa ifike nyumbani. Daftari dogo la matengenezo ya mwaka mzima humwambia mwenye gari ukweli ambao macho hayauoni: je, gharama inapungua, imetulia, au inapanda kila mwezi? Inapopanda bila kukoma, huku vipuri vikiwa haba, wakati wa kubadili umefika.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi kwa askari anayekaribia kustaafu. Kiinua mgongo hutolewa mara moja, na gari bovu laweza kukimeza kabla ya mwaka kwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta uliokwisha kuoza msingi hauzibwi ufa. Mwenye hekima huzitofautisha hali hizo mbili kabla ya kufungua mkoba.