Msikiti, Kanisa na Pango la Kolelo

Watanzania tumejipa sifa ya kuvumiliana katika dini, na kwa kiasi kikubwa tunaistahili. Tangu mwaka 1967 sensa haijamuuliza mtu dini yake. Ibara ya 19 ya Katiba inamruhusu kila mmoja kuamini atakacho, hata kubadili imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya dola. Ila kipimo tunachojipimia ni chepesi mno. Tukiona Mwislamu na Mkristo wanasalimiana, wanaoana na kuzikana, basi tunafunga daftari. Milima ya Uluguru, hasa miteremko ya mashariki kuanzia Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, inatupa kipimo kigumu zaidi. Huko ipo imani ya tatu iliyozitangulia hizo mbili, na ndiyo ambayo karibu kila mtu bado anajiona ana ruhusa ya kuihukumu.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga misheni karibu na mji wa Morogoro katika miaka ya 1880, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wamekwishatua Matombo. Uislamu ulipanda mlima kwa njia yake: kwa wafanyabiashara wa pwani, walimu wa madrasa, na ndugu waliokwenda kutafuta kazi wakarudi na kanzu. Hapakuwa na jeshi nyuma ya sheikh, na padri naye hakuweza kumlazimisha mtu abatizwe. Watu walichagua, mara nyingi mmoja mmoja ndani ya nyumba ileile, hivyo mahali kama Mkuyuni msikiti na kanisa vikajikuta vinahudumia koo zilezile.

Neno ukoo hapa lina uzito wake. Mluguru ni wa ukoo wa mama, ardhi kwa desturi ni ya ukoo, na msemaji wake ni mjomba. Mpango huo ulizikwaza dini zote mbili. Wamisionari walitaka familia ya baba, mama na watoto wao. Mirathi ya Kiislamu nayo inawapa watoto wa marehemu mafungu yao, wala haimweki mpwa mbele kama desturi ya Uluguru ilivyofanya. Kila dini ilipunguza nguvu za ukoo kwa upande wake, lakini hakuna iliyoumeza. Kaka aliyesilimu na dada aliyebatizwa waliendelea kudai migomba kwenye bonde lilelile, wakamsikiliza mjomba yuleyule, na siku ya msiba wakakaa mkeka mmoja. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha amani ya huko, kuliko hotuba zote za umoja wa kitaifa: mtu alibadili dini bila kuhama ukoo, kwa hiyo dini haikuwa na uwezo wa kumtoa ndugu kwenye shamba.

Wapo watakaodai kwamba huo si uvumilivu bali ni ulegevu, kwamba watu wa namna hiyo hawakuwahi kuishika dini barabara. Hoja hii inachanganya mambo. Ukitazama shughuli yoyote ya mchanganyiko nchini, mwenye kuchinja ni Mwislamu hata kama mwenye nyumba ni Mkristo, ili wote wale. Anayeomba mchinjaji aitwe hajalegea, maana ameelewa kwamba mgeni wake ana amri asiyoweza kuivunja, na ameamua kwamba amri hiyo si kazi yake kuikosoa. Desturi hiyo ndogo ikivunjika hasara yake ni kubwa: mwezi Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimalizika kwa kifo cha mchungaji.

Sasa tuje kwa ile imani ya tatu. Kusini mashariki mwa milima hii, upande wa Kolero, kuna pango lililojulikana kuwa makao ya mzimu aitwaye Kolelo, na Wazaramo walitembea siku nyingi kutoka nyanda za pwani kwenda kuomba mvua huko. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokaribia, habari zilienea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza kulipa kodi ya Wajerumani. Kinole, jirani ya Mkuyuni, ndiko kwenye kiti cha Kingalu, mtemi ambaye heshima yake ilitokana na mvua. Juu ya hayo kuna matambiko ya kila ukoo kwa wahenga wake. Padri aliyaita upagani, sheikh akayaita ushirikina, na katika jambo hili, pengine hili peke yake, wakakubaliana kabisa. Watu wengi walikwenda kutambika baada ya misa au baada ya Ijumaa, kimyakimya. Mwislamu asiyethubutu kuudhihaki msalaba wa shemeji yake humwita mzee anayetambika mshirikina hadharani, na Mkristo humwita mchawi, na wote wawili huondoka wakijiona wavumilivu.

Pingamizi zito ni hili: imani nyingine zinaua. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, watu wenye ualbino wamewindwa kwa viungo vyao, je, tunyamaze kwa jina la kutohukumu? La hasha. Lakini angalia Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Waliokufa walikuwa wafuasi wa mhubiri Mkristo aliyekuwa na Biblia mkononi, na hakuna aliyesimama kusema kwamba Ukristo wote sasa uwekwe kizimbani. Mhubiri alishtakiwa kwa matendo, na ndivyo inavyotakiwa. Haki hiyohiyo mzee wa tambiko hapewi. Muuaji wa Shinyanga anapokamatwa, lawama huvuka milima na kumwangukia mtu wa Uluguru aliyemwagia pombe kaburi la bibi yake. Tendo lina mhusika, mahali na ushahidi, na mahakama inaweza kulishika. Imani ikishtakiwa yenyewe, wanaohukumiwa ni watu wasiotenda lolote.

Kuna pia anayesema dini yake inamwamuru ahubiri, na kuhubiri ni kusema kwamba wengine wamepotea. Na ahubiri. Katiba inamlinda, na mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani iliyojaza viwanja vya miji yetu katika miaka ya 1980 na 1990 haikuwa kosa kwa kuwa iligusa mafundisho ya wenzao. Mambo ya Mwembechai, Februari 1998, watu walipouawa kwa risasi za polisi, yanaonyesha hatari ya kumwachia askari kuamua kipi ni mahubiri na kipi ni matusi. Vilevile malalamiko ya Waislamu kuhusu elimu na nafasi za kazi, au kuhusu makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, yanahitaji majibu ya takwimu na sera. Kuyafunika kwa wito wa kuvumiliana ni kulitumia jambo jema vibaya. Kutohukumu imani ya mtu hakuzuii kubishana naye juu ya shule.

Serikali ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na miaka ya karibuni imewarudisha jukwaani, hasa tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipopewa jina la Chifu Hangaya mwaka 2021. Wengine wamelichukua hilo kama heshima iliyorejeshwa kwa imani za asili. Mimi naona bado. Katika sherehe zetu sheikh na askofu kwa kawaida hukaribishwa kuomba dua na sala. Chifu hukaribishwa na vazi lake, upande wa utamaduni, pamoja na vikundi vya ngoma, na mvua ikichelewa ni wale wawili wa kwanza wanaoombwa hadharani waielekee mbingu.