Kumuheshimu koko si kumukalisha



Bagira yetu iko kwenye mulima. Mvua ikinyesha, njia zinateleza, na muzee akianguka anaweza kuvunjika mufupa. Kwa hiyo wengi tunamwambia koko: "Kaa tu, sisi tutafanya." Mimi pia nilifanya vile, nikifikiri ni heshima. Miezi ikapita, koko akashindwa kusimama bila kushikwa mukono.

Juu ya nini? Misuli isiyotumika inapungua, na miguu inapoteza usawa. Lakini misuli ya muzee inaweza kurudi. Mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba wazee wa karibu miaka 90 waliinua vizito kwa miguu juma 8, na nguvu yao ikazidi mara mbili. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa siku 3 ao zaidi kila juma.

Haiombi feza. Koko aketi kwenye kiti kigumu, asimame, aketi tena polepole, mara 8 ao 10. Kisha ashike meza, ainue muguu mumoja, ahesabu mpaka 10, abadilishe. Wewe simama kando yake. Akisikia kizunguzungu ao maumivu ya kifua, aache, aone muganga.

Amri ya tano inatuagiza heshima kwa wazazi. Basi, ndugu, jioni hii usimuletee koko kila kitu. Mupe mukono, musimame pamoja.