Kisu na Koleo la Mfukoni: Namna ya Kutambua Kilicho Imara

Wahenga walisema, Mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni la kweli kwa mvivu, ambaye kila siku hulaumu jembe lake ili asiende shambani. Walakini maana yake si kwamba mtu achukue jembe lo lote aliloliona sokoni bila kutazama mpini wake na shingo yake. Leo twataka kueleza habari za chombo kidogo ambacho watu wengi hukinunua bila kukitazama, nacho ni kisu cha kukunja chenye vifaa vingi ndani yake, pamoja na ndugu yake, yaani koleo la kukunja. Mwalimu huhitaji kukaza skrubu ya dawati. Mkulima hukata kamba na kupogoa mti. Mzee wa baraza akiwa safarini huhitaji kufungua kopo au kukaza breki ya baiskeli. Mwenye chombo hiki mfukoni huzimaliza kazi hizo pale pale, bila kumngoja fundi.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa kuumia. Zamani tulinunua kisu dukani kwa sababu ya wingi wa vifaa vyake. Tulivihesabu mara mbili mbele ya mwenye duka, na kila tulipohesabu furaha yetu ilizidi. Kwa majuma machache kilitufaa ofisini kwa kuchonga kalamu na kukata kamba za vifurushi. Kisha siku moja tulikisukuma kwa ncha ili kutoboa kifuniko cha kopo la mafuta. Ubapa ukajifunga ghafula juu ya kidole cha shahada, na kovu lake lingalipo. Tulipokitazama tena kisu kile tuliona ya kwamba ishara zote za ubovu zilikuwapo tangu siku ya kukinunua, ila hatukujua kuzisoma. Basi makusudi ya maneno haya ni kuwaonyesha wasomaji wetu ishara hizo, wasije wakazijua kwa damu kama sisi.

ASILI YA KISU

Mwaka 1884 fundi wa visu, jina lake Karl Elsener, alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz, nchi ya Uswisi. Katika miaka ile jeshi la Uswisi lilipata bunduki mpya ya mwaka 1889, ambayo kuifungua kulihitaji bisibisi. Tena askari walihitaji kitu cha kufungulia makopo ya chakula. Mwaka 1891 Elsener akaanza kulipelekea jeshi kisu chenye mpini wa mti na vifaa vinne: ubapa, msharasi wa kutobolea, kifungulia kopo, na bisibisi. Kisu hicho kilikuwa imara lakini kizito. Mwaka 1897 akatoa kingine chepesi zaidi, kilichoitwa kisu cha maofisa, chenye vifaa sita juu ya kamani mbili tu.

Hapo ndipo penye werevu wa kazi yake. Kamani ni kipande cha chuma kilicholala mgongoni mwa kisu, nacho husukuma shina la kila kifaa ili kisimame wima kikifunguliwa, na kilale kimya kikifungwa. Elsener aliona kwamba kamani moja yaweza kutumika pande zake mbili, kwa hiyo vifaa viliongezeka wala mzigo haukuongezeka sana. Mama yake alipofariki mwaka 1909, alivipa visu vyake jina la mamaye, Victoria. Mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa Kifaransa hufupishwa inox, majina hayo mawili yaliunganishwa yakawa Victorinox, nalo ndilo jina litumikalo mpaka leo.

ASILI YA KOLEO

Koleo la kukunja lilizaliwa kwa shida ya safari. Mwaka 1975 Mmarekani mmoja, Tim Leatherman, alikuwa akitembea Ulaya pamoja na mkewe katika motakaa kuukuu ya Fiat. Motakaa iliharibika mara kwa mara, na mabomba ya hoteli walimolala yalivuja. Mfukoni alikuwa na kisu cha skauti, lakini kila mara alichokikosa ni koleo. Aliporudi kwao akaanza kuunda koleo lenye kukunjika likaingia mfukoni. Kazi ile ilimchukua miaka mingi. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1980, na mwaka 1983 yeye na mwenziwe, Steve Berliner, wakaanza kuliuza kutoka Portland, katika jimbo la Oregon.

Tofauti ya vyombo hivi viwili ni hii. Katika kisu, ubapa ndio mwenye nyumba, na vifaa vingine ni wageni. Katika koleo la kukunja, taya za koleo ndizo zenye nyumba: mipini miwili ya chuma hukunjwa ikazificha, na ndani ya mipini hiyo hulala bapa, tupa, msumeno na bisibisi. Katika koleo la kwanza la Leatherman mtu hakuweza kuufikia ubapa mpaka afungue mipini yote. Mwaka 1998 kampuni ilitoa koleo liitwalo Wave, ambalo bapa zake hufunguliwa kwa nje kwa kidole kimoja, nalo lapendwa sana hata leo.

UGUMU WA CHUMA

Watu wengi hudhani ya kwamba chuma kikiwa kigumu zaidi ndicho bora zaidi. Sivyo. Chuma kigumu mno hushika makali, lakini kikipindwa huvunjika kama kigae. Chuma laini hakivunjiki upesi, lakini makali yake huisha mara moja. Fundi mwema hukipa kila kifaa ugumu unaofaa kazi yake. Tutoe mfano wa visu vya Victorinox, kwa kipimo kiitwacho Rockwell: ubapa hupewa 56, kwa kuwa kazi yake ni kukata, msumeno na mkasi 53, bisibisi na kifungulia kopo 52, ili visimeguke vikisokotwa kwa nguvu, na kamani 49, kwa sababu sharti ijipinde na kurudi mara nyingi bila kukatika. Hivyo katika kisu kidogo kisichojaa kiganja mna ugumu wa namna nne. Visu hafifu mara nyingi hukatwa vyote kwa bati la namna moja, na hii ndiyo sababu bisibisi yake hujipinda siku ya kwanza, na ubapa wake hauwezi kukata hata muwa.

UZITO NA KAZI

Sasa mtu atauliza, Je, nichukue kisu au koleo? Jibu limo katika kazi zake na katika mfuko wake. Kisu cha Victorinox kiitwacho Spartan kina urefu wa sentimita 9.1 kikifungwa, na uzito wake ni kadiri ya gramu 60. Mtu hukisahau mfukoni mpaka siku ya haja. Kiko kingine kiitwacho Farmer, maana yake mkulima, chenye maganda ya alumini na msumeno wa kupogolea, na uzito wake hauzidi sana gramu 80. Koleo la Wave lina urefu wa sentimita 10 na uzito wa gramu 241, yaani mara nne ya Spartan. Victorinox nao hutengeneza koleo liitwalo SwissTool, lenye urefu wa sentimita 11.5, na uzito wake ni kadiri ya gramu 290. Vyombo vizito kama hivi havifai mfuko wa shati. Hutiwa katika ala na kufungwa ukandani.

Kwa sababu hii, mwalimu na karani ambao kazi zao ni karatasi, kamba na skrubu ndogo, kisu chawatosha. Lakini mwenye kushughulika na seng'enge, pampu, baiskeli au nyaya za sola, huyo anahitaji koleo, kwa maana kisu cha kawaida hakiwezi kushika nati. Na bei ya koleo jema ni mara kadhaa ya bei ya kisu kidogo; basi asiyehitaji koleo asitupe fedha zake kwa ajili ya fahari. Chombo kizito kilichoachwa nyumbani hakikazi skrubu njiani.

ISHARA ZA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, elekeza chombo kwenye mwanga utazame mgongo wake. Katika kisu chema, kamani na kuta zimeshikana, hazionyeshi mwanya.

Pili, fungua kila kifaa kimoja kimoja. Kifunguke kwa nguvu ya ukucha, kisimame kwa mlio mkavu, na kikifungwa kirudi mahali pake bila kugusa jirani yake. Kisu chetu kile kilifunguka kwa ulaini sana, nasi tukadhani ulaini huo ni uzuri. Kumbe kamani haikuwa na nguvu.

Tatu, shika mpini, utikise ubapa kushoto na kulia. Ukicheza wakati kisu kingali kipya, ribiti zake zimelegea, na kila siku zitazidi kulegea.

Nne, ikiwa ni koleo, funga taya zake juu ya ukanda mwembamba wa karatasi, kisha uuvute. Ncha zikiushika sawasawa, koleo ni jema. Karatasi ikiponyoka, taya zimepinda. Tazama tena zile ekseli mbili ambazo mipini huzungukia, kwa maana nguvu zote za mkono hupita hapo.

Tano, soma chapa iliyopigwa kwenye shina la ubapa. Jina na nchi visomeke wazi. Lakini chapa peke yake isikutoshe, maana viko visu bandia vyenye chapa za watu wengine. Chapa iafikiane na zile ishara nne za kwanza.

TAHADHARI NA UTUNZAJI

Bapa za Wave zina komeo la kuzizuia zisijifunge. Spartan haina komeo. Hushikwa na kamani tu. Basi usisukume kwa ncha ya kisu kisicho na komeo, wala usikitumie kama patasi. Kosa letu la kopo lilikuwa la namna mbili: kisu kilikuwa kibovu, nasi tulikitumia vibaya.

Pia, mipini ya koleo hizi ni chuma kitupu, nayo hupitisha umeme. Mtu asikate wala asishike kwayo waya wenye umeme. Asipozima kwanza, aweza kufa. Anayesafiri kwa ndege aweke chombo chake katika mzigo unaokwenda chini, asikichukue mkononi.

Tena neno la kwamba chuma hakishiki kutu lisieleweke vibaya. Chuma hiki kimechanganywa na kromu, si chini ya sehemu 10 na nusu katika 100, nayo hukikinga. Lakini jasho, chumvi ya pwani na maji ya matunda hukishinda kikiachwa kichafu. Kikichafuka kioshe kwa maji ya uvuguvugu, ukifungue na kukifunga humo humo ili mchanga utoke, ukikaushe, kisha utie tone moja la mafuta katika kila kiungo. Unoe kwa jiwe laini, wala usitumie tupa.

Haya yote si magumu. Yahitaji kitambo kidogo tu mbele ya mwenye duka, na moyo wa kurudisha kisu mezani kisipofaa, hata kiking'aa namna gani. Asiyeona haya kulipiga jembe kwa ukucha asikilize mlio wake kabla ya kulinunua, asione haya kumtaka mwenye duka ruhusa ya kufungua kila ubapa. Fedha hutafutwa zikapatikana tena, kidole hakipatikani.